Kioo cha Kulia: Miaka Thelathini ya Fundi Sefania Mchome

Ifikapo Jumanne, tarehe 31 Machi 1959, Fundi Sefania Mchome atatimiza miaka thelathini kamili ya kazi katika Karakana ya Njia Panda, hapa Same, na saa kumi alasiri atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Uongozi wa karakana umenipa mimi, karani Reginald Mfinanga, heshima ya kuandika wasifu wake ili usomwe kwenye hafla ya kumuaga. Nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili. Namfahamu kwa kikohozi chake, kwa mwendo wake, na kwa namna anavyokunja uso akiletewa gari lililokwisha kuchokonolewa na fundi wa kando ya barabara.

Fundi Sefania alizaliwa Mbaga, Upare ya Kusini, katika familia ya wakulima wa migomba na mahindi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala kidogo kwa mjomba wake, kisha mwaka 1929 akateremka Same kutafuta kazi ya reli. Kazi ya reli hakuipata. Alipotoka stesheni alikuta lori limezimika mbele ya karakana yetu na wanaume wanne wakipokezana kulizungusha hendeli. Akaomba ajaribu. Lori likawaka, hendeli ikarudi kwa nguvu, ikamwangusha chali vumbini.

"Ng'ombe gani huyu anayepiga teke kwa pua?" aliuliza akiwa bado yuko chini.

Mwenye karakana alicheka hadi akamwajiri siku hiyohiyo. Kidole gumba cha Fundi hakijanyooka sawasawa mpaka leo.

Wakati wa vita, matairi yalipoadimika, yeye ndiye aliyeshindilia majani makavu ndani ya tairi la lori la mahindi na kulifikisha kutoka Kihurio hadi Same. Karibu na mji abiria walianza kuulizana nani anachoma magugu mchana wote ule, na waliposhuka walikuta tairi linatoa moshi kama jiko. Mahindi yalifika. Tangu hapo madereva wa njia ile hawakupita bila kumsalimu.

Anajulikana pia kwa mpini wake wa ufagio. Huuweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho, na baada ya muda akasema, "Valvu ya tatu inalalamika." Sijaona siku valvu ya tatu ikawa haina kosa. Kanisani huimba sauti ya chini kwenye kwaya, na kila wimbo huumaliza nyuma ya wenzake kwa neno moja au mawili, lakini hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa sababu ndiye anayekarabati kinanda.

Hapo ndipo nilipokusudia kumalizia, nikiongeza orodha ya mafundi aliowafundisha na maneno ya shukrani. Nilimpelekea nyumbani kwake yale niliyoandika, Jumapili baada ya ibada. Mkewe, Mama Lea, alitupakulia makande, na Fundi akanisikiliza nikisoma huku anakula polepole. Nilipomaliza alinawa mikono.

"Na kioo?" akauliza.

Nilijifanya sikuelewa. "Kioo gani, Mzee?"

"Reginald."

Nikakunja karatasi zangu.

"Andika habari ya kioo," alisema. "La sivyo karatasi zako ziache hapa, Lea atawashia moto."

"Mzee, siku ya kumuaga mtu watu husema mazuri."

"Basi waseme mazuri yangu. Wakinisifu wakaliruka hilo, watakuwa wanamsifu mtu mwingine, nami nitakaa pale mbele yao kama nimevaa koti la kuazima."

Kwa hiyo naandika kwa amri yake. Naandika pia kwa aibu yangu mwenyewe, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Wafanyakazi wapya hawakulikuta lile gari la kijani tulilokuwa tukiliita Mwali. Lilikuwa saluni, gari dogo la abiria, la mwaka 1934, lenye vibao vya kukanyagia ubavuni na taa kubwa kama macho ya bundi. Tuliliita Mwali kwa sababu lilifunikwa shuka na halikutolewa nje ovyo. Lilipokea wageni stesheni, likapeleka maharusi kanisani, na likapanda milimani pale tu mgeni alipokuwa mtu wa heshima. Dereva wake alikuwa Asheri Mndeme, mwanamume wa miaka thelathini na saba wakati wa kisa hiki, mtulivu, ambaye katika miaka tisa hakuwahi kuligusisha gari hata kwenye mti.

Mwezi Julai mwaka 1951 kioo cha pembeni cha Mwali, kile cha kulia upande wa dereva, kililegea. Kilikuwa kioo cha duara kilichoshikwa na mkono wa chuma, na mkono ule ulifungwa kwa skrubu mbili kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Matundu ya skrubu yalikuwa yamelika kwa uzee. Ukizikaza, skrubu zilizunguka bila kung'ata. Asheri alimwambia Fundi siku ya Ijumaa. Akamwambia tena Jumamosi. Jumanne asubuhi, akiwa ameagizwa kuwapeleka wageni wawili Gonja, alimwambia mara ya tatu.

"Shikamoo, Fundi. Kile kioo bado."

"Marahaba. Nimekisikia kioo chako."

"Njia ya Kisiwani ina kona, Fundi. Nikikutana na lori, narudi nyuma kwa kioo hicho."

Fundi alikuwa ameinamia injini ya lori la mkonge. Lazima nieleze kwa nini hakutaka kuinuka. Nafasi ya fundi mkuu ilikuwa wazi. Tangu karakana ianze, nafasi ile walipewa watu walioletwa kutoka Tanga au Mombasa, hata mara moja haikupewa Mpare. Mwenye karakana alikuwa anakuja wiki iliyofuata kuchagua, na kila mtu alijua kwamba akiikuta injini ile inanguruma vizuri, jina litakuwa la Sefania. Kioo cha pembeni hakikuwa kazi ya kumwonyesha bwana.

Kukitengeneza ipasavyo kulitaka kuufungua mkono wote, kuyapanua matundu, kuyachonga meno mapya na kutia skrubu nene zenye washa za springi, pete za chuma zinazozizuia kulegea. Kisha ilibidi kukitoa kioo chenyewe na kukaza nati iliyo nyuma yake, kwani ukiikaza kikiwa mahali pake kinapasuka. Fundi hakufanya hata moja kati ya hayo. Alichukua mkasi, akakata kipande cha tyubu kuukuu cha upana wa vidole viwili, akakishindilia chini ya mkono wa chuma na kuzizungusha skrubu juu yake. Mpira ulijibana. Akakitikisa kioo kwa mkono, na hakikucheza.

"Kimekaa?" Asheri aliuliza.

"Kimekaa. Nenda, wageni wanakungoja."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, na daftari la kazi mkononi. Nilikiona kile kipande cha tyubu. Hata mimi, ambaye sijui kutofautisha kabureta na birika, nilijua kwamba mpira ukipata joto na mtikisiko hulegea. Niliandika: "Kioo cha kulia kimekazwa." Fundi akatia sahihi bila kusoma.

Kabla ya saa tano, juu ya Kisiwani, Asheri alikutana na lori la mbao linaloteremka. Lori lilikuwa limesheheni, halikuweza kurudi nyuma, kwa hiyo ilimpasa yeye arudi hadi pale barabara inapopanuka. Alitazama kioo na kuona njia nyeupe. Akarudi taratibu. Katikati ya kona mkono wa kioo uliteleza, kioo kikageukia chini, na alichokiona ndani yake kikawa rangi ya kijani ya mlango wake mwenyewe. Alikanyaga breki, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anateremka na kikapu cha maharage, akiwa amejibanza ukingoni ili magari yapishane, alibanwa na bampa ya nyuma kwenye mwamba. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti.

Mwanamke huyo ni Dorkasi Mbwambo. Wageni walimsaidia Asheri kumpakia garini, wakampeleka hospitali ya Gonja, na Asheri alikaa naye hadi alipofungwa mguu. Kisha akaliendesha Mwali kurudi Same peke yake, kioo kikining'inia.

Alipoingia uani jua lilikuwa bado juu. Alishuka, akatembea moja kwa moja kwenda ofisini kwa msimamizi wetu, Bwana Isihaka, kueleza yaliyotokea. Gari lilibaki uani. Nilikuwa dirishani. Nilimwona Fundi Sefania akitoka chini ya lori, akipangusa mikono, akiliendea Mwali kama mtu anayekwenda kuangalia tu. Alisimama upande wa kulia. Alitia vidole chini ya mkono wa chuma, akavuta kile kipande cha mpira, akakitia mfukoni.

Alipogeuka, macho yetu yalikutana. Mimi ndiye niliyetazama chini.

Bwana Isihaka alitoka na Asheri. Ni mtu mpole, lakini siku ile sauti yake ilikuwa kavu.

"Asheri anasema kioo kiligeuka. Sefania, kilitengenezwa au hakikutengenezwa?"

"Nilikikaza," alisema Fundi.

"Reginald, daftari linasemaje?"

Nikasoma: "Kioo cha kulia kimekazwa."

Asheri alimtazama Fundi kwa muda mrefu. Hakubisha. Alisema tu, "Fundi, mara tatu nilikuambia," na Fundi akajibu, "Nami nikakikaza." Bwana Isihaka akanyoosha mkono wake, na Asheri akaweka ufunguo wa Mwali ndani ya kiganja kile. Alipewa ndoo na brashi, aoshe magurudumu hadi uamuzi utakapotolewa.

Siku tisa zilipita hivyo. Nimemuuliza Fundi siku zile alifikiri nini, akaniambia kila asubuhi alijiahidi kusema jioni, na kila jioni akajiahidi kusema asubuhi. Alikuwa akimpita Asheri kwenye bomba la maji. Asheri aliendelea kumwamkia, "Shikamoo, Fundi," kwa kuwa amelelewa vizuri, na Fundi aliitikia "Marahaba" bila kusimama. Mama Lea alimuuliza kwa nini chakula kinabaki. Alimwambia ni tumbo.

Siku ya nane mwenye karakana alifika. Injini ya lori iliwashwa, ikanguruma vizuri, na mbele ya wafanyakazi wote likatangazwa jina: Sefania Mchome, fundi mkuu. Tulipiga makofi. Wengine walirusha kofia juu, kwa maana lilikuwa jambo geni na kubwa, mtu wa kwetu kupewa nafasi ile. Nyuma kabisa, karibu na mtaro, Asheri aliweka ndoo chini, akapangusa mikono kwenye suruali, naye akapiga makofi. Hayakuwa ya kejeli. Alimpigia Fundi makofi kama sisi sote.

Kesho yake asubuhi, tulipopangwa mstari kuitwa majina, Fundi Sefania alitoka mbele bila kuitwa. Alitoa kile kipande cha mpira mfukoni akakiweka juu ya meza ya Bwana Isihaka.

"Hiki ndicho nilichokazia kioo," alisema. "Sikutia skrubu mpya wala sikuchonga meno. Niliweka hiki, na gari liliporudi nikakiondoa ili msikione. Asheri hana kosa. Yule mama amevunjwa mguu na mimi."

Mwenye karakana alikuwa pale na kikombe cha chai, akakishikilia bila kunywa.

"Umekaa na jambo hili siku tisa," alisema Bwana Isihaka. "Kwa nini leo?"

"Kwa sababu jana alinipigia makofi."

Bwana Isihaka alikiangalia kile kipande, akakigeuza, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe karani? Ulisimama pale ukaandika. Hukuona?"

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilikuwa nimeoa mwezi uliotangulia. Nilisema, "Sikuona, Bwana."

Fundi Sefania alinitazama. Alijua. Angeweza kusema neno moja tu, na mimi ningefuata njia yangu hadi kwetu Usangi. Hakusema. Sijui kama ilikuwa huruma, au aliona kwamba aliyeficha mpira hana haki ya kumfichua aliyeficha macho. Hatukuzungumza habari hiyo tena hadi Jumapili ile ya makande.

Alivuliwa ukuu wa mafundi saa ileile, ukiwa haujatimiza siku moja. Kabla ya kurudi kwenye benchi aliomba kitu kimoja, aruhusiwe kutengeneza kioo cha Mwali. Alikitengeneza uani, mbele ya kila mtu. Aliufungua mkono, akapanua matundu, akachonga meno, akatia skrubu nene na washa zake, akakitoa kioo, akakaza nati, akakirudisha. Kisha akamwita Asheri aje ashike, atikise, avute kwa nguvu zake zote. Kilisimama imara. Kazi yote ilichukua saa moja na robo, na nadhani kila aliyekuwa pale aliipima saa ile moja na robo kwa mguu wa Dorkasi.

Asheri alirudishiwa ufunguo. Aliendesha mwezi mmoja, kisha akaomba kuondoka. Alimwambia Bwana Isihaka, "Siwezi kuendesha gari ninalolishuku kila asubuhi." Akahamia Mwanga, akapata kazi ya kuendesha lori la mzigo, na hatukumwona tena hapa.

Jumamosi iliyofuata siku ile aliyokiri, Fundi alipanda lori la mbao hadi Gonja. Alimkuta Dorkasi amelala, mguu umening'inizwa, na dada yake ameketi karibu. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani. Yote yalimpotea.

"Wewe ndiye mwenye mpira?" Dorkasi alimuuliza. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Ni mimi, mama."

"Kaa."

Akakaa. Akaanza kusema anaomba msamaha, na Dorkasi akainua mkono kumzuia.

"Subiri kwanza. Maharage yangu yako shambani yanakauka, na mume wangu yuko Tanga kwenye mkonge. Huo msamaha nikikupa leo, utakwenda nyumbani ulale vizuri. Nani atang'oa maharage?"

"Nitang'oa mimi."

"Basi ukiisha kung'oa, tutazungumza."

Aliyang'oa. Akayapura, akayapepeta, akayahifadhi. Msimu wa kupanda ulipofika mguu wa Dorkasi ulikuwa umeunga lakini kwa kupinda, na kushika jembe mteremkoni kulimshinda, kwa hiyo Fundi alilima. Alikuwa anaondoka Same kila Jumamosi baada ya kazi, analala kwa mzee wa kanisa wa kijiji kile, na kurudi Jumapili alasiri. Majirani walimcheka, fundi mzima wa magari na jembe begani, tena ameshasahau kulima mteremkoni. Dorkasi hakumcheka. Alimsimamia akiwa na fimbo yake na kumwonyesha palipobaki magugu. Haya yaliendelea misimu mitatu, hadi mume wake aliporudi moja kwa moja.

Siku ya mwisho Dorkasi alimwambia, "Sasa inatosha. Watu wataanza kudhani wewe ni mkwe wangu." Kisha akaongeza, "Nimekusamehe tangu mwaka jana. Nilikuwa sijakwambia kwa sababu shamba lilikuwa bado."

Fundi alinisimulia hayo akicheka kidogo, ila macho yake hayakucheka. Dorkasi anachechemea hadi leo. Hilo halikurekebishika, naye Fundi hapendi mtu amwambie kwamba limekwisha.

Mwaka 1955 Fundi alipewa tena nafasi ya fundi mkuu. Aliikataa. Akaikataa mara ya pili. Bwana Isihaka alimwambia mara ya tatu kwamba hamwombi, anamwagiza. Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha utaratibu wa daftari. Tangu siku ile hapa Njia Panda si fundi anayetia sahihi kwamba gari limetengenezwa. Anayetia sahihi ni dereva, baada ya kushika kwa mkono wake mwenyewe kile alicholalamikia. Madereva wasiojua kuandika hutia dole gumba, na gari halitoki uani bila hivyo, hata abiria awe nani. Siku moja mgeni mmoja wa serikali alingojeshwa dakika arobaini kwa ajili ya taa ya nyuma, akakasirika sana. Fundi alimletea kiti na chai, na taa ikatengenezwa. Mafundi kumi na mmoja wamefunzwa chini ya mikono yake, na kati yao wanne wana karakana zao, Moshi, Korogwe na kwingineko. Ukiwauliza alichowafundisha kwanza, watakwambia kumsikiliza dereva anaposema mara ya kwanza.

Mwezi huu wa tatu Fundi Sefania alikwenda Mwanga kwa basi kumtafuta Asheri. Alimkuta kwenye uwanja wa malori, anakagua kamba za mzigo. Walikuwa hawajaonana kwa karibu miaka minane. Asheri sasa ana mvi juu ya masikio.

"Karibu," alisema Asheri. Hakumwamkia kwa shikamoo, na Fundi aliniambia kwamba hakustahili kuidai.

"Nastaafu tarehe thelathini na moja," alisema Fundi. "Nimekuja kukualika mwenyewe. Sikutaka kukutumia barua."

Asheri alikaza kamba moja, akaenda upande wa pili, akakaza nyingine.

"Nitakuja kwa sababu umekuja," alisema hatimaye. "Lakini sijasema yamekwisha, Fundi."

"Sikukuuliza kama yamekwisha."

Wakanywa chai kibandani pale, wakazungumza habari za mvua na bei ya matairi, kisha Fundi akapanda basi la kurudi.

Niliposikia kwamba Asheri atakuja, nililala vibaya siku mbili. Siku ya tatu niliingia ofisini kwa Bwana Isihaka, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba mwaka 1951 aliniuliza swali nikamjibu uongo. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu yake.

"Wasifu umekwisha kuuandika?" akauliza.

"Bado kidogo, Bwana."

"Uandike na hilo. Na siku ya hafla utausoma wewe mwenyewe, kwa sauti ya kusikika."

Basi ndivyo ilivyo. Nasoma haya kwa sauti yangu, na Ndugu Asheri Mndeme ameketi mahali ambapo ananiona. Ndugu Asheri, nilikiona kile kipande cha mpira kikiwekwa, na nilikiona kikitolewa. Nilisoma lile neno kutoka daftarini nikijua ni uongo, nawe ukapewa ndoo. Nilipoulizwa, nilikana. Fundi alisema baada ya siku tisa. Mimi imenichukua miaka minane, na hata hivyo nimesubiri hadi nilipoagizwa. Sikuombi unijibu leo. Mama Dorkasi naye amefika, mstari huu nimeuongeza baada ya kumwona akishuka na basi la asubuhi, na kwake nina deni lilelile la maneno.

Fundi Sefania, umetufundisha kazi, na siku moja, kwa kuchelewa, ukatufundisha jambo gumu kuliko kazi. Asante kwa miaka thelathini. Asante kwa Mama Lea, aliyefua ovaroli zako zote na kukungoja Jumamosi zote zile. Rudi Mbaga ukalime shamba lako mwenyewe sasa, uimbe kwaya kwa mwendo wako, na Mungu akupe miaka mingi yenye usingizi mzuri. Karakana yote inakuombea heri.

Kabla ya kumpigia Fundi makofi, naomba tusimame kwanza, tugeuke, tumwamkie Asheri.